Mkono wa Kiongozi: Uhakiki wa Barua za Kupendekeza Watu

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mavazi na masimulizi ya kale peke yake. Unakaa pia katika namna watu wanavyoombana, wanavyoshukuriana na wanavyoandikiana. Taifa linaloandika lina utamaduni wa kuandika, na utamaduni huo una uzuri wake na kasoro zake kama ulivyo utamaduni mwingine wowote. Katika makala haya tumekusudia kuichambua aina moja ya maandishi ambayo uhakiki wetu haujaishughulikia vya kutosha, nayo ni barua iliyoandikwa kwa mkono wa kiongozi kwa ajili ya kumpendekeza mtu fulani apewe kazi au cheo.

Barua za namna hii, hasa zikiwa za viongozi waliokwisha kustaafu au kufariki, zimekuwa kitu cha kutafutwa na kuhifadhiwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani huuzwa katika minada kwa fedha nyingi. Huku kwetu bado hazina soko kubwa, lakini zina heshima kubwa. Mzee aliyewahi kuandikiwa na kiongozi huiweka barua yake katika fremu ukutani, au huitunza sandukuni pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ubatizo. Akija mgeni wa maana, hutolewa ikasomwa. Hapana shaka kwamba mwenye barua hiyo anayo haki ya kujivunia. Lakini kazi ya mhakiki ni kuuliza zaidi ya hapo. Barua hii inasema nini? Inamfanya nini anayeipokea? Je, ni ushahidi, au ni amri iliyovikwa kanzu ya ombi?

Kwanza hatuna budi kukumbuka kwamba barua si kitu kigeni katika Kiswahili. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyobaki hadi leo ni barua za watawala wa Kilwa za mwaka 1711 na miaka iliyofuata, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa huko Goa, Bara Hindi. Mmoja wa walioziandika ni mwanamke, Mfalme Fatima wa Kilwa. Kwa hiyo, tukitafuta chimbuko la nathari yetu, tunaukuta mkono wa kiongozi ukiandika barua. Karibu nasi zaidi tunazo barua za marehemu Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizoandikwa toka mwaka 1931 hadi 1958 na kuchapishwa baadaye na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi, na ndani ya barua hizo tunamwona akihangaika na kazi, familia na vitabu vyake, bila ya kuwania sifa. Thamani yake imo humo humo: aliandika kwa mtu mmoja, akasema aliyoyajua.

Hicho ndicho kipimo tutakachokitumia. Barua njema ni ile ambayo mwandishi wake anasema analolijua, kwa mtu anayestahili kuambiwa, na yuko tayari kulijibia.

Sasa tuitazame barua yenyewe ya mapendekezo. Katika ofisi zetu zimekuwako aina mbili. Ya kwanza ni barua kamili. Ina nambari ya kumbukumbu, ina tarehe, ina "Yah:" yake iliyopigiwa mstari, na mwisho, hasa katika miaka ya sitini na sabini, ilikuwa na maneno "Wako katika ujenzi wa Taifa." Ndani yake anayependekezwa hutajwa kwa jina lake kamili. Husemwa amefanya kazi gani, mahali gani na kwa muda gani, na mwandishi amemfahamuje. Barua hiyo huenda ikaandikwa kwa wino na mkono wa kiongozi mwenyewe pale ambapo mashine ya taipu haikuwapo, lakini bado ni barua ya ofisi. Inapofika huingia masijala, hupewa nambari yake ya folio, na hukaa katika faili.

Aina ya pili ndiyo inayoitwa kimemo. Hii ni karatasi ndogo, mara nyingi iliyochanwa kutoka katika kitabu cha kuandikia, isiyo na kumbukumbu na aghalabu isiyo na tarehe. Maneno yake, au yanayofanana nayo, kila mtumishi wa umma aliyefanya kazi miaka mingi anayafahamu: "Mleta karatasi hii ni kijana wetu. Naomba umwone na kumsaidia inavyowezekana." Halafu sahihi.

Tuyachambue maneno hayo moja moja kama tunavyouchambua ubeti, kwa kuwa ni machache lakini yamebeba mzigo mzito. "Mleta karatasi hii" hana jina. Karatasi ikianguka njiani na kuokotwa na mwingine, atakuwa yeye ndiye mleta karatasi. Hili pekee linatosha kutuonyesha kwamba mwandishi hasemi habari za mtu, anasema habari za karatasi yake. "Kijana wetu": wetu nani? Wa taifa? Wa kijiji? Wa ukoo? Neno hilo dogo la umilikishi limeacha mlango wazi makusudi, ili msomaji aingize mwenyewe undugu anaouogopa zaidi. "Naomba" ni tamko la adabu katika lugha yetu, nasi tunajivunia lugha yenye adabu. Lakini ombi la mkubwa kwa mdogo wake kazini lina uzito usiokuwamo katika kamusi. Mdogo akimwomba mkubwa, anaweza kukataliwa. Mkubwa akimwomba mdogo, ni nani atakayekataa? "Inavyowezekana" ndiyo hila kubwa kuliko zote, kwa sababu jambo likifanikiwa sifa ni ya mwandishi, na likiharibika lawama ni ya aliyeliwezesha.

Kisha tutazame yasiyoandikwa. Hakuna elimu, hakuna ujuzi, hakuna kazi aliyowahi kuifanya, hakuna tabia. Yote hayo yameachiwa sahihi iseme. Mshairi hujua kwamba kilichoachwa nje ya ubeti nacho husikika, na katika kimemo kinachosikika ni cheo cha mwandishi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa tumeona aina ya tatu, yaani kitu kisichojulikana kuwa kizuri wala kibaya, kinachotembezwa na mwingine.

Tunayasema haya kwa kuwa tumeyaona. Katika ofisi moja tuliyowahi kufanya kazi, ambayo hatutaitaja, vijana wawili waliitwa kuombea nafasi moja ya ukarani. Mmoja alikuja na vyeti vyake vilivyopigwa pasi ndani ya bahasha ya kaki. Wa pili alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliyepata kazi ni yule wa karatasi. Hatusemi kwamba hakustahili, kwani huenda alistahili kuliko mwenzake. Tunasema kwamba hakuna aliyelipima jambo hilo, na yeye mwenyewe hataweza kamwe kujua. Kimemo kimemnyima hata aliyekitumia fahari ya kujua kwamba alishinda. Na faili lilipofungwa, ndani yake kulikuwa na barua ya maombi, barua ya kuajiriwa na fomu ya afya. Karatasi iliyoamua jambo haikuwamo. Haikupewa folio, kwa hiyo katika historia ya ofisi ile haikuwahi kuandikwa.

Hili ni jambo la kusikitisha kwa taifa linalotaka kujijua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali. Atakayekuja kuandika historia ya utumishi wetu kwa kutegemea mafaili tu ataona kila mtu aliajiriwa kwa utaratibu.

Wengine watasema kwamba kimemo ni utamaduni wetu. Kwamba Mwafrika hakai peke yake, na kumshika mkono kijana wa mwenzako ni ujamaa. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haisimami. Kumshika mtu mkono mbele ya watu ni jambo moja, na kumpitisha mlango wa nyuma ni jambo jingine. Wala ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Abraham Lincoln, Rais wa Marekani toka mwaka 1861 hadi alipouawa mwaka 1865, alizongwa Ikulu na watu waliotaka kazi, naye aliandika vikaratasi vingi vifupi vya kuwapendekeza kwa mawaziri wake. Vikaratasi hivyo ndivyo vinavyogombewa leo na wakusanyaji. Lakini utaratibu ule ulikuwa na gharama yake. Mwezi Julai 1881 Rais mwingine wa nchi hiyo, James Garfield, alipigwa risasi na mtu aliyekuwa akitafuta cheo na kukikosa, akafariki mwezi Septemba. Mwaka 1883 Wamarekani wakatunga sheria ya kuwaingiza watumishi kwa mtihani. Katika sheria hiyo kimo kifungu kinachostahili kutafakariwa: mapendekezo ya mjumbe wa Bunge juu ya mwombaji yasipokelewe kabisa, isipokuwa yanapohusu tabia yake au makazi yake.

Tabia na makazi! Msomaji wa Mwanza akiyasikia maneno hayo atatabasamu, kwa sababu barua ya namna hiyo anaifahamu. Hapa Mirongo, kata yetu inayobeba jina la mto unaopita katikati ya mji kuelekea Ziwa Victoria, kijana anayetaka kufungua akaunti benki, kudhaminiwa au kuomba kazi huenda kwanza kwa viongozi wa serikali ya mtaa. Huandikiwa barua ya utambulisho, mara nyingi kwa kalamu ya kawaida na mwandiko wa haraka, na hupigwa mhuri. Barua hiyo humtaja mtu kwa jina, humtaja kuwa ni mkazi wa mtaa huo, na pengine huongeza kwamba hajulikani kuwa na matatizo. Basi. Mwandishi wake hakusema zaidi ya anachokijua, na akiulizwa kesho yuko pale pale mtaani, nyumba yake inajulikana. Barua hiyo haitawekwa katika fremu wala haitanunuliwa mnadani. Lakini kwa kipimo tulichokiweka, ni barua bora kuliko vimemo vya wakubwa vyote vikikusanywa pamoja. Kiongozi wa mtaa, pengine bila ya kujua, anaandika kwa kanuni ile ile ambayo taifa kubwa liliifikia baada ya kumpoteza Rais wake.

Wala sisi wenyewe hatukukosa mifano mikubwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, TANU iliweka mbele ya wapiga kura wagombea wawili kwa kila jimbo lenye ushindani, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Wote wawili walikuwa wa TANU, na hapakuwa na ruhusa ya mmoja kujitapa kwamba yeye ndiye chaguo la Mwalimu. Mkono wa kiongozi ulizuiwa kwa makusudi. Na matokeo yalionyesha kwamba jambo lile halikuwa mchezo. Paul Bomani, aliyewaongoza wakulima wa pamba wa kanda hii hadi kuundwa kwa Victoria Federation hapa Mwanza mwaka 1955, na ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Rais alimthamini, na baada ya hapo alimteua kuwa Mbunge kwa madaraka aliyopewa na Katiba, akamrudisha katika Baraza la Mawaziri. Msomaji anaweza kuupenda uteuzi ule au asiupende. Lakini ulifanyika hadharani, kwa jina la aliyeteua na jina la aliyeteuliwa, na historia imeuandika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya madaraka na kimemo.

Baadaye serikali ilijaribu kuuziba mlango wa nyuma kwa sheria. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 yaliweka Sekretarieti ya Ajira, ili waombaji wapimwe mahali pamoja kwa usaili. Ni hatua njema. Hata hivyo sheria huziba mlango, haibadilishi mazoea. Mazoea hubadilishwa na utamaduni, na utamaduni hujengwa na mifano inayotukuzwa. Ndiyo maana tunauliza: tunazitukuza barua za namna gani?

Sisi watu wa Mwanza tunayo barua moja ya kuitaja, ingawa kisa chake ni cha uchungu. Katikati ya miaka ya sabini, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu wengi kwa kuwashuku kuhusika na mauaji. Baadhi yao waliteswa, na wako waliofia mikononi mwa wale waliowakamata. Jambo lilipofichuka, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, hakuwa ameshika fimbo wala hakuwa Mwanza. Angeweza kuandika kwamba hakujua. Badala yake, mwanzoni mwa mwaka 1977 alimwandikia Rais barua ya kujiuzulu, akalibeba jambo lililotendwa chini ya wizara yake. Viongozi wengine kadhaa waliachia vyeo vyao kwa sababu hiyo hiyo.

Tuilinganishe barua hii na kimemo. Mwandishi wa kimemo hutumia cheo kumwingiza mtu mwingine, na jambo likiharibika hayumo. Mwandishi wa barua ya kujiuzulu hukitoa cheo chake mwenyewe kwa ajili ya jambo ambalo wengine waliliharibu. Kimemo hukwepa faili. Barua ya kujiuzulu huingia katika faili na kubaki humo daima. Cha kwanza hujificha nyuma ya neno "wetu", na ya pili husimama juu ya neno "mimi". Kwa mhakiki wa lugha, tofauti yote ya maadili imo katika viwakilishi hivyo viwili.

Na tazama mwendo wa mambo. Mwinyi alipelekwa kuwa Balozi nchini Misri, akarejea katika uongozi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwezi Novemba 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hatudai kwamba barua ile ndiyo iliyompa Urais, kwa kuwa Chama kilikuwa na mambo mengi ya kupima. Lakini tunathubutu kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kuandika barua ya kumpendekeza iliyokuwa na nguvu kuliko ile aliyoiandika mwenyewe ya kuondoka. Alipofariki, tarehe 29 Februari 2024, kisa cha kujiuzulu kwake kilisimuliwa upya na wengi. Wananchi wanajua kusoma, hata pale wanapodhaniwa hawajui.

Tumalizie kwa suala la uhifadhi, kwa maana hapo ndipo jambo hili linapowahusu wote. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, inatutaka tuzitunze nyaraka za umma na kuzifungua kwa wasomaji baada ya miaka thelathini. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo chake hapa Mwanza, na Butiama, mkoani Mara, ipo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere iliyofunguliwa mwaka 1999. Kwa hiyo mahali pa kuhifadhi pako. Lakini mara ngapi tumenunua karanga Mirongo tukazikuta zimefungwa kwa karatasi yenye mhuri wa ofisi! Tumekunjua, tukasoma nusu ya barua ya mtu, na nusu nyingine imekwenda na mteja aliyetutangulia. Kinachotupwa ovyo huishia mtaroni, na kutoka mtaroni huingia Mto Mirongo, na kutoka mtoni ziwani.

Maoni yetu ni haya. Barua za mapendekezo zilizoandikwa na viongozi wetu zikusanywe, zilizo kamili na vimemo pia. Vimemo visichomwe kwa aibu, kwa kuwa aibu iliyochomwa haifundishi. Jamaa wanaozitunza majumbani waombwe angalau nakala, wasinyang'anywe. Zikiwekwa makumbushoni, zisiwekwe kama hirizi za kutazamwa mwandiko tu. Kando ya kila barua yaandikwe yaliyofuata: aliyependekezwa alipata nini, na alifanya nini na alichopata. Na katika shule zetu za sekondari, ambako wanafunzi hufundishwa kuandika barua rasmi kwa kuhesabu anwani na mistari, wapewe barua ya utambulisho wa mtaa, kimemo, na barua ya kujiuzulu, waulizwe ni ipi kati yake yenye mwandishi anayeweza kuulizwa.

Mwandiko mzuri wa kiongozi ni pambo. Wino hufifia, karatasi huliwa na mchwa, na thamani ya mnadani hupanda na kushuka. Kinachobaki ni neno na mtu aliyekubali kulijibia. Kijana yule wa bahasha ya kaki hakuhitaji kuandikiwa na mkubwa yeyote. Alihitaji kusomwa. Tutakapokuwa taifa linalowasoma watu wake kabla ya kuzisoma sahihi za wakubwa, barua hizi zitaweza kukaa katika makumbusho kwa amani, kwa kuwa kazi yake nje ya makumbusho itakuwa imekwisha.